Kutoka Mulago hadi Hong Kong: historia ya kuisaka saratani ndani ya damu

Mwaka 1948, mjini Strasbourg mashariki mwa Ufaransa, Paul Mandel na Pierre Métais walikuwa wakichunguza damu ya watu, wazima kwa wagonjwa. Waliizungusha damu kwa kasi hadi chembe nyekundu na nyeupe zikatuama chini, wakabaki na majimaji ya manjano yanayokaa juu, yaitwayo plazma. Ndani ya plazma hiyo, ambamo hapakutarajiwa kuwa na kitu cha namna hiyo, walikuta DNA. Makazi ya DNA ni ndani ya kiini cha seli, kwa hiyo kuikuta ikielea peke yake nje lilikuwa jambo la kushangaza.

Lakini hakuna aliyeshangaa. Makala yao fupi ya Kifaransa ilichapishwa kwenye jarida la chama cha wanabiolojia, ikalala humo. Si ajabu sana, maana wakati huo hata umbo la DNA halikuwa likijulikana. Watson na Crick walilitangaza mwaka 1953, miaka mitano baadaye. Mandel na Métais waliona kitu ambacho zama zao hazikuwa na swali la kukiuliza.

Leo tunajua vipande hivyo vinatoka wapi. Kila siku mabilioni ya seli mwilini hufa na nafasi zao kuchukuliwa na mpya. Seli inapokufa, DNA yake hukatwakatwa na vipande vingine huingia kwenye damu. Kipande cha kawaida kina herufi kama 166, urefu unaotosha kuzunguka fungu moja la protini ambalo DNA hujisokota juu yake. Vipande hivi havidumu, kwani mwili huvisafisha ndani ya dakika au saa chache. Kwa mtu mwenye afya, vingi vinatoka kwenye seli za damu zenyewe. Uvimbe wa saratani nao una seli zinazokufa, kwa hiyo nao humwaga vipande vyake humo humo. Tatizo ni uchache. Uvimbe ukiwa mdogo, kipande chake kimoja kinaweza kufichwa na maelfu ya vipande vya seli zisizo na kosa lolote.

Mwaka 1977 watafiti wa Marekani wakiongozwa na S. A. Leon walipima kiasi cha DNA katika damu ya wagonjwa 173 wa saratani na watu 55 wenye afya. Wenye afya walikuwa na wastani wa nanogramu 13 kwa kila mililita. Wagonjwa walikuwa na 180. Zaidi ya hapo, kwa baadhi ya wagonjwa kiasi hicho kilishuka baada ya tiba ya mionzi. Mtu angeweza kudhani kuwa kipimo cha saratani kimeshapatikana.

Hakikuwa kimepatikana. Karibu nusu ya wagonjwa hao walikuwa na viwango sawa na vya watu wenye afya. Na wapo watu wasio na saratani ambao damu yao ina DNA nyingi, wakiwemo wenye ugonjwa wa lupasi, ambao waligunduliwa hivyo mwaka 1966, pamoja na walioumia vibaya na wenye maambukizi makali. Kiasi peke yake hakisemi lolote la uhakika. Ilibidi watu waache kuuliza damu ina DNA kiasi gani, waanze kuuliza ni DNA ya nani.

Swali hilo lilishikwa na Maurice Stroun na Philippe Anker wa Geneva. Stroun alianzia kwenye mimea, akichunguza kama chembe za urithi zinaweza kusafiri kutoka mmea mmoja hadi mwingine uliopandikizwa juu yake, na wenzake wengi walimtazama kwa mashaka. Mwaka 1989 yeye na wenzake walionyesha kuwa sehemu ya DNA iliyo kwenye plazma ya wagonjwa wa saratani ina udhaifu wa nyuzi unaofanana na ule wa DNA ya seli za saratani. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na dalili kwamba uvimbe wenyewe unazungumza ndani ya damu.

Ushahidi ulionyooka zaidi ulikuja kupitia makosa ya herufi. Saratani huanza pale jeni fulani zinapoandikwa vibaya, na kosa hilo hurithiwa na kila seli ya uvimbe. Ukilikuta kosa lile lile kwenye damu, umemkuta mwenyewe. Mwaka 1994 kundi la George Sorenson nchini Marekani lilikuta kosa la jeni ya KRAS katika plazma ya wagonjwa wa saratani ya kongosho. Mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, David Sidransky na wenzake walitoa kisa ambacho hadi leo kinasimuliwa kwenye mihadhara. Hubert Humphrey, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alikutwa na saratani ya kibofu mwaka 1976, akafariki Januari 1978. Sampuli ya mkojo wake ya mwaka 1967 ilikuwa bado imehifadhiwa. Walipoichunguza kwa mbinu mpya walikuta kosa la jeni ya p53, lile lile lililokuwa kwenye uvimbe uliomuua. Miaka tisa kabla saratani haijathibitishwa, habari ilikuwa tayari kwenye chupa.

Ule ulikuwa mkojo, si damu, lakini wazo lilikuwa moja. Mwaka 1996 jarida la Nature Medicine lilichapisha makala mbili kwa pamoja, moja ya kundi la Geneva kuhusu saratani ya mapafu, nyingine ya Sidransky kuhusu saratani za kichwa na shingo. Zote zilionyesha alama za uvimbe ndani ya damu ya mgonjwa.

Makala hizo zilisomwa Oxford na daktari kijana kutoka Hong Kong, Dennis Lo. Kwa miaka kadhaa Lo alikuwa akitafuta seli za mtoto aliye tumboni ndani ya damu ya mama, na hakuwa akifika mbali, kwa kuwa seli hizo ni chache mno. Aliposoma kuhusu saratani, akawaza hivi: ikiwa uvimbe unaweza kumwaga DNA ya kutosha kuonekana, mtoto mzima wa miezi kadhaa atashindwaje? Kwa miaka yote ile alikuwa akiimwaga plazma na kubaki na seli. Sasa akaigeukia plazma. Hakuwa na mbinu ya kutoa DNA humo, akafanya jambo rahisi lililomjia akikumbuka tambi za dakika tano za maisha ya uanafunzi. Aliichemsha plazma kwa dakika tano. Kisha akatafuta kromosomu Y, ambayo mama hana na mtoto wa kiume anayo. Kati ya wajawazito 30 wenye mimba za wavulana, 24 walikuwa nayo katika plazma. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1997, mwaka ule ule Uingereza ilipoirudisha Hong Kong kwa China na Lo naye akarudi nyumbani.

Kutokana na kazi hiyo kilizaliwa kipimo cha damu cha wajawazito ambacho mamilioni ya wanawake duniani wameshapimwa nacho ili kujua kama mtoto ana kromosomu zilizozidi. Lo alipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2022. Hata hivyo, hakuiacha saratani, na alipoigeukia aliiendea ile inayowaua watu wa kwao. Kusini mwa China kuna saratani ya nasofarinksi, sehemu ya juu ya koo nyuma ya pua. Inajificha mahali ambapo mtu hawezi kuona wala kugusa, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshavuka hadi kwenye tezi za shingo. Karibu kila uvimbe wa aina hiyo Hong Kong umebeba virusi vya Epstein-Barr, tena kila seli ya uvimbe ina makumi ya nakala. Kwa mtu anayetafuta kipande kimoja kati ya maelfu, nakala nyingi ni neema kubwa. Mwaka 1999 Lo na wenzake waliripoti kuwa DNA ya virusi hivyo ilikuwa kwenye plazma ya wagonjwa 55 kati ya 57, na kwa watu 3 tu kati ya 43 wasio na ugonjwa huo.

Habari ya virusi vyenyewe ilianzia Kampala.

Mwaka 1957, Hugh Trowell, daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya Mulago, alimwita mpasuaji mwenzake, Denis Burkitt, aje kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt alikuwa Mwairishi wa Kaskazini aliyepoteza jicho moja utotoni, na hakuwa mtafiti. Alikuwa mpasuaji wa hospitali ya serikali mwenye foleni ya wagonjwa. Uvimbe wa pande nne haukuingia akilini mwake, maana maambukizi hayakai hivyo, wala saratani aliyofundishwa haikai hivyo. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja akizungukia wodi, akatazama nje dirishani, akaona mtoto wa kike ameketi kwenye majani na mama yake, uso umevimba vile vile. Alitoka nje, akamchunguza, akakuta tumboni pia kuna uvimbe.

Kuanzia hapo hakutulia. Alifukua mafaili ya Mulago, akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini au ovari, na kwamba madaktari walikuwa wakiuita majina tofauti kulingana na mahali ulipoonekana. Aliuona kuwa ugonjwa mmoja na kuuandika mwaka 1958. Kisha akatuma picha kwa hospitali za Afrika akiuliza swali moja, kama wameuona. Majibu yalipochorwa kwenye ramani, yalifanya mkanda katikati ya bara, ukikatika palipo na baridi ya milimani au ukame. Mwishoni mwa 1961, mwaka Tanganyika ilipopata uhuru, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakaendesha kilomita kama 16,000 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine kuuliza swali lile lile. Leo watu wangeomba ruzuku ya mamilioni kwa kazi kama hiyo.

Mapema mwaka huo Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya kuku. Alipoiona ramani inayofuata joto na mvua, alihisi kuna kiumbe kinachoenezwa na wadudu. Njia aliikosea, kwa kuwa virusi hivyo huenea kwa mate, lakini mbu hawakuwa nje ya habari hiyo. Mkanda wa Burkitt ndio mkanda wa malaria kali, na malaria ya kila mara utotoni huudhoofisha ulinzi unaovizuia virusi hivyo na kulifungulia mlango kosa linalozaa saratani.

Kwa karibu miaka miwili sampuli za uvimbe zilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliifunika London, ndege ikaelekezwa Manchester, na kipande cha uvimbe kikafika maabara kikiwa kimechelewa. Majimaji yaliyokizunguka yalikuwa na ukungu. Mtu yeyote wa maabara angesema yameingia bakteria na kuyatupa. Epstein aliweka tone chini ya hadubini kwanza. Hakukuwa na bakteria. Kulikuwa na seli hai zinazoelea, zilizojinasua kutoka kwenye uvimbe wakati wa kutikiswa njiani. Seli hizo zilikubali kukuzwa kwenye chupa, jambo lililokuwa gumu sana kwa seli za aina hiyo. Chini ya hadubini ya elektroni, mwanzoni mwa 1964, Epstein pamoja na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, na Yvonne Barr waliviona virusi ndani yake. Tangazo lilitoka katika Lancet mwezi Machi. Miaka sita baadaye Harald zur Hausen alionyesha kuwa DNA ya virusi hivyo imo ndani ya seli za uvimbe wa Burkitt na pia ndani ya saratani ya nasofarinksi. Epstein alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 102.

Majina mawili kati ya yale matatu yakawa jina la virusi, na jina la Burkitt likawa la ugonjwa. Majina ya watoto waliokatwa kipande cha uvimbe Mulago na kipande hicho kupandishwa ndege hayamo kwenye jina lolote.

Turudi Hong Kong. Kuanzia 2013 hadi 2016 kundi la Lo, likiongozwa na Allen Chan, lilifanya jambo ambalo watu wengi wa vipimo vya damu hulikwepa: liliwapima watu wasioumwa chochote, kisha likasubiri. Walikuwa wanaume 20,174 wenye umri wa miaka 40 hadi 62. Katika kipimo cha kwanza, 1,112 walikutwa na DNA ya virusi kwenye plazma. Hao hawakuambiwa wana saratani. Waliitwa tena baada ya wiki kama nne, na wengi hawakuonekana nayo tena. Waliobaki nayo mara mbili walikuwa 309, na hao ndio walioitwa kwenye kamera ya pua na kipimo cha MRI. Saratani ilipatikana kwa 34.

Namba iliyobadilisha mawazo ya watu si 34. Kwa kawaida, wagonjwa wa Hong Kong waliokuwa wakigunduliwa hatua ya kwanza au ya pili walikuwa kama asilimia 20. Katika utafiti huu walikuwa asilimia 71. Waliokaa miaka mitatu bila ugonjwa kuendelea walikuwa asilimia 97, ikilinganishwa na 70 kwa wagonjwa wa zamani. Miongoni mwa waliokuwa hawana DNA ya virusi, ni mmoja tu aliyekutwa na saratani hiyo ndani ya mwaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Mwaka uliofuata kundi hilo hilo lilionyesha kuwa kwa kusoma idadi na urefu wa vipande vya virusi, wangeweza kuwatenga wenye saratani na wenye virusi vya kupita tu kwa kuchukua damu mara moja, bila kumwita mtu tena. Vipande vinavyotoka kwenye uvimbe havikatwi kama vile vinavyotoka kwenye seli ya kawaida iliyobeba virusi.

Hapo ndipo kipimo kilipoacha kuwa cha ndiyo au hapana na kuwa cha kuainisha.

Upande wa pili wa Pasifiki, uainishaji ulikuja kwa bahati, na kwa wajawazito. Meredith Halks-Miller, daktari wa patholojia aliyekuwa akisimamia maabara ya vipimo vya wajawazito huko California, alianza kukuta matokeo yasiyoeleweka: kromosomu kadhaa zimezidi au zimepungua kwa wakati mmoja, kiasi ambacho mtoto wa namna hiyo asingeishi. Alikuwa ameziona picha kama hizo kwenye saratani. Watoto walikuwa wazima. Waliokuwa wagonjwa ni mama zao. Makala ya mwaka 2015 katika jarida la JAMA ilieleza kuwa katika sampuli zaidi ya 125,000, saratani ya mama ilithibitishwa kwa wanawake kumi, na wengi wao walikuwa hawajijui.

Kampuni ya Illumina, ambayo mashine zake ndizo zilizokuwa zikisoma DNA hizo, ilianzisha mwaka 2016 kampuni nyingine iitwayo GRAIL, yenye wawekezaji kama Bill Gates na Jeff Bezos, kwa lengo la kutafuta saratani nyingi kwa mpigo kwa watu wasioumwa. Waliachana na kutafuta kosa moja moja la herufi. Sababu mojawapo ni kwamba watu wanavyozeeka, seli zao nyeupe za damu hujijengea makosa ambayo si saratani lakini yanafanana nayo. Badala yake walichukua alama za methili, vikemikali vidogo vinavyobandikwa juu ya DNA na kuamua jeni ipi izimwe na ipi iwake. Seli ya ini na seli ya utumbo zina DNA ile ile, ila alama za methili ni tofauti. Kwa hiyo kipande kinachoelea kwenye damu kinabeba jina la kiungo kilikotoka. Ukisoma alama nyingi kwa pamoja, kompyuta inaweza kusema kuna saratani, na inaweza kukisia kama imetoka kwenye kongosho au kwenye pafu.

Matokeo yao makubwa ya mwaka 2021 yanastahili kusomwa polepole. Kati ya watu 1,000 wasio na saratani, kipimo kiliwahukumu isivyo haki kama watano tu. Walipokuwa na saratani kweli na kipimo kikaigundua, kilitaja kiungo sahihi kwa karibu asilimia 89. Hizo ni sifa kubwa. Lakini saratani ya hatua ya nne kiliikamata kwa asilimia 90, ya tatu kwa 77, ya pili kwa 40, na ya kwanza kwa chini ya 17. Yaani kinaona vizuri zaidi kadiri kuona kunavyochelewa. Kipimo kiliingia sokoni Marekani mwaka huo kwa dola 949, na Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza ikaanza jaribio la watu zaidi ya 140,000 ili kujua kama kinapunguza saratani zinazogunduliwa zikiwa zimechelewa.

Mimi siamini katika kipimo kimoja cha saratani zote, na historia hii ndiyo inayonipa mashaka. Kila mahali ambapo DNA ya damu imefanya kazi ya kweli, aliyeitumia alikuwa na swali dogo, lililo wazi. Kipimo cha kwanza cha aina hii kuidhinishwa Marekani kwa kumchagulia mgonjwa tiba, mwaka 2016, kilikuwa cha wagonjwa wa saratani ya mapafu, na kiliuliza tu kama uvimbe una kosa kwenye jeni ya EGFR ili mgonjwa apewe vidonge vinavyolilenga. Kipimo cha damu cha saratani ya utumbo mpana kilichoidhinishwa mwaka 2024 hukamata saratani hiyo kwa asilimia 83, lakini vivimbe vinavyokaribia kuwa saratani hukamata kwa asilimia 13 tu. Hong Kong walifanikiwa kwa sababu walikuwa na saratani moja, virusi vya aina moja na wanaume wa umri wa kati.

Je, kipimo cha Hong Kong kinaweza kubebwa kama kilivyo na kuletwa kule habari ya virusi ilikoanzia? Hapana, na sababu imo ndani ya damu ya watoto wenyewe. Watafiti waliolinganisha watoto wa Kisumu, penye malaria mwaka mzima, na wale wa Nandi, nyanda za juu zenye malaria kidogo, walikuta watoto wadogo wa Kisumu wana virusi vya Epstein-Barr vingi zaidi kwenye damu ingawa hawana saratani yoyote. Kilicho alama ya saratani kwa mwanamume wa Hong Kong, kwa mtoto wa kando ya Ziwa Viktoria kinaweza kuwa alama ya malaria ya mwezi uliopita. Hapa lazima kisomwe kitu cha ziada. Katika uvimbe wa Burkitt, sehemu ya kromosomu namba 8 yenye jeni ya MYC hukatika na mara nyingi kwenda kuungana na kromosomu namba 14. Kwa kawaida mahali pa muungano huo hapapo kwa mtu mwenye afya. Kipande cha plazma chenye namba 8 upande mmoja na namba 14 upande wa pili, kikikutwa pamoja na virusi vingi, kinamtofautisha mgonjwa na mtoto mwenye malaria.

Hiyo ndiyo kazi iliyofuatwa na mradi wa AI-REAL, uliowaunganisha Profesa Anna Schuh wa Oxford na madaktari wa Tanzania na Uganda, katika hospitali zikiwemo Muhimbili, KCMC ya Moshi na Lacor ya Gulu. Haukumtafuta mtu mzima asiyeumwa. Ulimtazama mtoto au kijana aliyekwishavimba, na ulilinganisha majibu ya damu na majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, yanayosomwa na daktari wa patholojia kwa hadubini. Anayeijua wodi ya watoto anaelewa kwa nini. Kinyama kinahitaji mpasuaji, kisha maabara ya kukikata na kukipaka rangi, kisha daktari wa patholojia, na hao ni wachache. Familia huambiwa majibu hayajatoka, rudini wiki ijayo. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Na ni saratani inayokubali dawa. Kampala ilikuwa ikiwatibu watoto hao kwa kemo tangu miaka ya 1960, na mwaka 1967 kituo cha tiba yao kikafunguliwa pale Mulago, ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Ugumu wa kazi hii ni wa kila siku. Damu ikikaa saa nyingi kwenye chupa ya kawaida, seli nyeupe hupasuka na kumwaga DNA yake, na vipande vya uvimbe huzama humo visionekane. Ama plazma itenganishwe siku hiyo hiyo, ama zitumike chupa maalumu zenye dawa inayozizuia seli zisipasuke kwa siku kadhaa. Chupa hizo ni ghali na hutoka nje. Mashine za kusoma DNA zinahitaji umeme usiokatika, kemikali zinazosafirishwa kwenye baridi, na wataalamu wa kuzichambua takwimu. Na majibu yakishatoka, dawa lazima ziwepo kwenye duka la hospitali.

Kwa maoni yangu, wizara zetu za afya zisishawishike kuanza na kipimo cha dola 949 kwa watu wenye afya, kitakachowapata wachache wa mijini na kuwakosa wengi walio hatua ya kwanza. Shilingi ya kwanza inunue chupa za kuhifadhia damu na mashine ya kuizungusha kwa hospitali za mikoa, ili damu ya mtoto aliyevimba taya au tumbo ifike maabara ikiwa inasomeka, na majibu yarudi kabla uvimbe haujaongezeka maradufu mara kadhaa.